Sinema Tuliyoigombania Kambini

Chumba cha Wafunga Nondo,
Kambi ya Wajenzi.
Tarehe 12 Juni, mwaka wa sita unaingia tangu niondoke.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Shemeji naye hajambo, na goti lake limepata nafuu au bado anasingizia baridi? Mama analala vizuri? Mimi ni mzima, ila mgongo. Kufunga nondo ni kuinama kutwa, na jioni mtu unanyooka kwa vipande kama kitanda cha kukunja. Lakini nakula na nalala, msiwe na wasiwasi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mwanangu huwa ubavuni mwako, na ninalotaka kukuuliza halifai alisikie. Fundi bomba anakuja likizo, ndiye atakayekukabidhi bahasha hii. Mpe chai, ila usimwache aanze hadithi zake, maana hataondoka.

Ijumaa iliyopita, siku yetu ya mapumziko, tulionyeshwa sinema kwenye ukumbi wa kulia. Ni mwendelezo wa ile niliyokusimulia mwaka jana, ya mpanda milima aliyeacha nyumba yake kwenda kutafuta mji uliofukiwa na mchanga. Ile ya kwanza iliishia pale alipoliona kwa mbali lango la mji. Tangu hapo tumekuwa tukibishana kuna nini ndani.

Sinema hizi husemwa kwa lugha ya huku, na wengi wetu tunaijua ya kazini tu: leta, inua, shusha, acha. Kwa hiyo mfunga nondo mwenzangu, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, hukaa mbele na kututafsiria kwa sauti. Huigiza mpaka farasi.

Mwanzo tulikaa roho mkononi. Daraja lilikatika, mchanga ukameza ngamia na mizigo yake. Halafu, lango linaanza tu kufunguka, jamaa akageuka na kurudi kwao. Mwishoni anafika nyumbani, mtoto wake amesimama mlangoni, wanasemezana kidogo, jamaa anakaa kwenye ngazi. Imekwisha.

Kelele zilizofuata! Mwashi alisimama juu ya benchi. "Nimengoja mji mwaka mzima, naletewa mtu amekaa kwenye ngazi? Ngazi si ninazipanda kila siku hapa bure?"

"Wewe mpaka watu wapigane ndiyo uite sinema," mchomeleaji vyuma akamjibu.

"Ndiyo! Kama hapigwi mtu, bora nikafue nguo."

"Kafue basi, chumba kizima kitashukuru."

Mimi nilikuwa upande wa mchomeleaji. Niliipenda kwa sababu ya yale maneno ya mtoto. Redio alitutafsiria hivi: "Baba, karibu ndani, nilijua utakuja." Nililala nayo, dada, na niliamka nayo.

Kesho yake asubuhi tulikuwa bado tunabishana tukingoja nondo zipandishwe. Mwendesha winchi akatusikia. Yeye ni wa siku nyingi huku na lugha anaijua vizuri. Akauliza, "Kwani nyie mliona sinema gani? Yule mtoto alisema, 'Baba hayupo, amesafiri. Unamtaka nani?'"

Mwashi, yuleyule aliyekuwa akiitukana, akasema taratibu, "Hapo sasa ni sinema." Mchomeleaji akasema imemharibikia, hataki kuisikia tena. Basi waliokuwa wakiisifu wakaiponda, na waliokuwa wakiiponda wakaisifu.

Wakati wa chakula walimsakama Redio. Kwa mara ya kwanza alikosa mzaha. "Jamani, niligeuka nikaona nyuso zenu. Kila mmoja alikuwa ameshafika kwake. Nyie mngesema nini?"

Mwashi alimwambia, "Kuanzia leo tafsiri farasi tu."

Sikumkasirikia. Lakini nimekuwa nikifikiria simu zetu. Kila nikiuliza, unaniambia mwanangu ananitaja kila siku. Nikiongea naye anasema, "Shikamoo baba, tunakukumbuka," maneno yaleyale, na kabla hajayasema nasikia mtu akimnong'oneza. Nilimwacha anatambaa, dada, na sasa yuko shule.

Sikulaumu hata kidogo. Umemlea tangu mama yake alipotutoka, na bado unahangaika kunilinda mimi pia. Ninachoomba ni uniambie ilivyo. Ananijua? Shemeji anamwita baba? Kama anamwita hivyo, msimkataze. Niandikie hata kama itauma, ili nijue mapema.

Msimamizi wetu anataka jibu: niongeze miaka miwili, au niondoke mkataba ukiisha. Wenzangu wengi wanabaki. Nami nilikuwa nimeshaamua kubaki. Nilijiambia kwamba anayengojwa anaweza kuchelewa kidogo. Sasa sina hakika kama nangojwa, na hiyo ndiyo inayonirudisha. Nimemwambia msimamizi siongezi.

Nisalimie Mama, mwambie naomba dua zake mgongo huu unifikishe. Msalimie shemeji na goti lake, jirani mshona viatu, na shangazi, hata kama bado amenuna. Mungu awaweke salama nyote chini ya paa hilo, na akulipe wewe kwa yale ambayo mimi sitaweza.

Nitegemeeni wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa. Siku hiyo usimfundishe mtoto kunikimbilia, wala usimpe la kusema. Mwache anitazame mpaka atosheke. Akijificha nyuma ya kanga yako, mwache ajifiche. Nitakaa hapo nje nimngoje, safari hii sina pa kuwahi.

Mdogo wako, akupendaye leo na siku zote,
Mfunga nondo