Hamadi Mulangoni kwa Mama

Alunguli, Kindu, 9 Septemba 2002

Yaya Assani,

Salamu nyingi. Sisi tunapumua, Mama naye anapumua, ijapo miguu imemuvimba. Huko Kampene munaendeleaje? Muke wako amejifungua salama?

Hapa njaa njo imekuwa vita ya pili. Watu wanaogopa kwenda mashambani kwa sababu ya bunduki. Mudogo wetu Hamadi peke yake anaenda. Anarudi na mihogo mugongoni, anagawia avenyu nzima, nyumba kwa nyumba. Wazee wanamubariki, wamama wanamuita baba yao.

Lakini iko neno moja. Askari fulani alimupa vidonge vya maumivu. Anameza kabla ya kutoka, anasema vinaondoa woga. Juzi vilikosekana, akatetemeka mupaka akatapika. Naogopa, Yaya. Muandikie. Weye njo mukubwa, atakusikia.

Mudogo wako,
Rachida

Kampene, 2 Desemba 2002

Rachida mudogo wangu,

Barua yako imenikuta muzima, namushukuru Mungu. Mutoto ni wa kike, tumemupa jina la Mama. Mubebee Mama salamu zangu.

Juu ya Hamadi usijisumbue. Vita ikiisha ataacha. Kwa sasa mwache alete mihogo.

Mukubwa wako,
Assani

Alunguli, 20 Agosti 2023

Yaya Assani,

Pole tena kwa msiba wa Mama. Watoto wamelala salama? Ulirudi Kampene haraka, hatukupata nafasi ya kuongea juu ya Hamadi.

Vita iliisha, yeye hakuacha. Mwaka jana aliiba kinga, baiskeli ya jirani, akaiuza, vijana wakamupiga mupaka akazimia. Hamisi, shefu anayeongoza avenyu, akasema asionekane tena Alunguli. Wazee wakakubali, walewale waliokula mihogo yake.

Nilimupeleka Kailo kwa Elodie, muuguzi. Nikamuambia wengine wanataka tumufunge kamba. Akanijibu: “Dada, huyu ni mugonjwa. Mukimufunga, mutafunga na ugonjwa ndani yake.” Akamupunguzia vidonge polepole. Hamadi alitoka jasho, alinitukana, alilia kama mutoto. Tangu mwaka huu uanze hajameza hata kimoja. Analima mupunga.

Mama alizikwa yeye hayupo. Sasa anaomba kitu kimoja tu: afike kwenye arobaini. Simama naye mulangoni, Yaya. Nyumba sasa iko na weye.

Rachida

Kampene, 29 Agosti 2023

Rachida,

Sisi wazima. Nimesoma barua yako, machozi yakanitoka. Muambie Hamadi nitakuja. Nitamushika mukono, tutaingia pamoja.

Yaya yako,
Assani

Alunguli, 11 Machi 2024

Yaya,

Natumaini hamujambo. Barua zako zote mbili zilifika. Nimechelewa kujibu, siyo kwa kiburi.

Unauliza Hamadi iko wapi. Kwanza nikukumbushe, maana katika barua zako umeandika “yale yaliyotokea”, kana kwamba yalitokea yenyewe.

Siku ya arobaini ya Mama alikuja na kanzu nyeupe aliyoazima kwa mume wa Elodie, na gunia la muchele wa shamba lake begani. Hamisi akasimama: “Mwizi hawezi kula na sisi.” Hamadi hakumutazama Hamisi, alikutazama weye. Ulianza kuinuka, Yaya, nilikuona. Kisha muzee mumoja akakuvuta nguo, ukakaa.

Hamadi akatua gunia mulangoni akaenda zake. Ule muchele tuliupika. Tuliula.

Sasa iko bandarini, anabeba mizigo, na vidonge amevirudia. Kila Ijumaa namupelekea chakula. Siku zingine hanitambui. Elodie anasema kuanguka siyo mwisho, tumurudishe Kailo tuanze upya. “Lakini,” akasema, “muntu hasimami mahali ambapo kila mukono unamusukuma.” Mimi peke yangu siwezi kumuinua. Nilijaribu.

Ijumaa iliyopita akili yake ilikuwa imetulia kidogo. Nikamuuliza: “Yaya Assani akija, utamupokea?”

Akameza tonge alilokuwa anatafuna. Kisha akasema: “Aje tu. Mimi sina mulango wa kumufungia muntu.”

Mudogo wako,
Rachida