Godoro la Watu Wawili

Ipuli, Alhamisi, mwisho wa Septemba.

Upepo umevuma tangu asubuhi, na vumbi limeingia hadi kwenye mtungi wa maji ingawa niliufunika. Miombo ya nyuma ya mashamba imeanza kutoa majani mapya, yale mekundu yanayotangulia mvua. Mwaka jana niliyasifia hadi Kasiani akanicheka. Leo nimeyaona tu, nikaendelea na ndoo yangu.

Godoro limeletwa.

Bi Zuhura amekuja nalo mwenyewe, limebebwa kichwani na mchukuzi na kufungwa kwa kamba ya katani. Tumelilaza juu ya kitanda. Limeenea pembe zote nne, halikupungua wala kuzidi. Ni godoro zuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimefurahi. Moyo wangu umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu: najua upo, lakini nikiubonyeza sisikii kitu.

Nimekaa kwenye kigoda, nalitazama. Sijaligusa tena.

Mume wangu Kasiani ni mrina asali. Kila kiangazi huingia porini, ng'ambo ya Igalula, na hurudi na vibuyu vya asali na nta ya kuuza mjini. Safari hii alirudi na homa inayokuja na kuondoka, na kichwa kinachogonga. Hayo hayakutushtua, maana nani hurudi porini bila homa? Kilichotushtua ni kwamba alikuwa hawezi kulala usiku. Alijigeuza, akajigeuza tena, akaamka, akaenda kukaa mlangoni mpaka majogoo. Mchana alisinzia popote alipoegemea. Tukasema ni kawaida, mtu asiyelala usiku lazima usingizi umdai mchana.

Basi tukalaumu kitanda.

Kwanza tulikaza kamba. Kisha nilizimwagia maji ya moto kwa ajili ya kunguni, ingawa kunguni wenyewe sikuwaona. Mama mkwe wangu, ambaye sote twamwita Mayu, alipanda gari moshi kutoka Igalula, akakitazama kitanda kama mtu anayetazama ng'ombe wa mahari, akaamuru kihamishiwe ukuta wa pili. Kikahamishwa. Kasiani hakulala.

Nikalifungua godoro letu la zamani. Lilikuwa la majani makavu, nayo yalishakuwa unga. Nikalijaza maganda ya mahindi, mapya, niliyoyaanika mwenyewe. Usiku ule Kasiani akasema ni kama kulala ghalani na panya wamekuja kula. Tulicheka. Naandika hili nisije nikasahau kwamba tulicheka.

Ndipo nikaamua kumshonea mume wangu godoro la kweli.

Bi Zuhura anakaa mjini, kwenye nyumba inayotazama njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikienda Ujiji. Mama yake aliwashonea magodoro wake za matajiri waliochoka na mikeka, naye akarithi sindano. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanionyesha barazani alivyokuwa navyo. Kulikuwa na usumba wa nazi uliokuja kwa gari moshi kutoka pwani, mgumu, haushiki joto, unafaa kwa mwenye mgongo mbovu. Kulikuwa na pamba, laini mwanzoni, ila baada ya mwaka hufanya madonge na mtu hulala juu ya vilima. Na kulikuwa na sufi.

Mimi ni mtu wa kuchagua, masista walionifundisha kushona walinisema sana kwa hilo. Nikaanza kubonyeza hiki na kile kwa ngumi. Bi Zuhura akanizuia.

"Mwanangu, mkono haulali. Lala wewe."

Nikalala pale barazani, watu wakipita njiani na mizigo yao. Nililalia usumba, nikalalia pamba, nikalalia sufi. Nakiri kwamba nilifurahi. Miaka mitatu ya ndoa, na sikuwahi kuulizwa napenda kulalia nini.

Kisha akaniuliza habari za mwenye kulala. Mnene au mwembamba? Nikasema alikuwa na mwili lakini siku hizi amekonda, mifupa imetokeza. Hutoka jasho? Nikasema hutoka jasho, kisha hutetemeka. Huumwa wapi? Kichwa, na huku nyuma ya shingo, hata mto haupendi. Hulala kwa ubavu au kwa mgongo? Nikasema hana ubavu wala mgongo, huzunguka kama kuku juu ya mayai, lakini mchana ukimweka hata juu ya jiwe atasinzia. Bi Zuhura alisikiliza yote akitikisa kichwa, kama mtu anayejumlisha.

Akasema, "Basi huyo ni wa sufi."

Tulikuwa wanawake wawili, kila mmoja na akili zake timamu. Tuliuzungumza ugonjwa wote, dalili baada ya dalili, na tukatoka na sufi.

Nilimpa nta kwa malipo, tukachagua kitambaa cha mistari ya buluu. Akasema litachukua muda kwa sababu sufi lazima itolewe mbegu, ichapwe kwa fimbo, ianikwe, ichapwe tena. Nilirudi Ipuli nikiwa na manyoya ya sufi kwenye nywele. Kasiani aliyatoa moja moja, kisha akasinzia mkono ukiwa bado kichwani mwangu.

Wiki iliyofuata dresa, mhudumu wa dawa wa serikali, alikuja kupima warina asali shingo kutafuta uvimbe, kama wanavyofanya kabla ya kuwapa ruhusa ya kuingia porini. Wanaume walipanga foleni. Kasiani alikaa chini kwenye foleni, nami nilimpelekea kipande cha muhogo kwa sababu asubuhi alikuwa hajala. Akatia muhogo mdomoni, akatafuna mara moja au mbili, akalala. Muhogo ulibaki mdomoni. Watu waliokuwa nyuma yake walirudi hatua, wote pamoja, bila kuambiana.

Dresa aliacha mtu aliyekuwa akimpima, akaja. Akabonyeza nyuma ya shingo ya mume wangu, palepale asipotaka mto upaguse. Akamtoboa kidole, akatazama damu kwenye darubini yake kwa muda mrefu.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Usiku halali, sivyo?"

Nikamjibu, "Godoro lake bado linashonwa."

Hakucheka. Natamani angecheka. Akaniambia ni malale.

Malale tuliyajua. Nani Unyamwezi hayajui? Vijiji vizima vimehamishwa kwa ajili ya mbung'o. Lakini mgonjwa wa malale tuliyemjua sisi ni yule anayelala mchana na usiku, hadi anakonda kwa kulala. Wangu alikuwa akikesha. Dresa alisema hivyo ndivyo yanavyoanza kwa wengi, usingizi hugeuka, usiku ukawa mchana na mchana ukawa usiku. Hata Mayu, aliyezika ndugu wawili kwa malale, alikuwa ametazama kitanda.

Walimchukua kwa lori siku ileile kumpeleka kambi ya wagonjwa. Jambo moja sijamwambia mtu. Lori lilipoondoka na wanawake wenzangu wakaanza kulia, mimi nilikuwa nawaza kama Bi Zuhura atakumbuka kushona vifundo vya katikati, ili sufi isikimbilie pembeni. Nililisindikiza lori kwa macho mpaka likapotea, na kichwani nilikuwa nahesabu vifundo. Majirani walisema nimejikaza. Sikujikaza hata kidogo. Sikuwa na cha kukikaza.

Tangu siku ile nalala chini, kwenye mkeka.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kambini kwa miguu. Ni banda refu la udongo, safi, wagonjwa kila mmoja na kitanda chake cha kamba, chembamba kama ubao wa kufulia, na mkeka juu yake. Matandiko mengine ndugu wanaruhusiwa kuleta. Dresa wa kule alinieleza kwamba Kasiani ameanza sindano na zitakuwa nyingi. Wapo wanaopona kabisa wakarudi porini. Wapo wanaopona na macho yakapotea. Na wapo ambao dawa huwakuta wamekwenda mbali mno. Nikamwuliza wangu yuko wapi kati ya hao. Akasema hajui bado. Hakunidanganya, nami nashukuru, ingawa hata shukrani yenyewe naiandika kwa sababu najua inapaswa kuwepo.

Nilikaa kando ya kitanda. Kasiani alikuwa amelala, mifupa ya nyonga ikigusana na kamba kupitia mkeka. Nilimpaka mafuta miguuni. Jua lilipoanza kuinama alifumbua macho, akanitambua. Nilidhani atauliza habari za nyumbani, za mama yake au za mizinga yake.

"Godoro limekwisha?"

Nikasema bado kidogo.

Akafunga macho. Nikadhani amerudi kulala, nikaanza kukusanya vyombo. Kisha akasema, macho yakiwa bado yamefungwa, "Mtu asililalie kabla yetu."

Hayo ndiyo maneno yote niliyopewa Jumapili. Nimetembea nayo njia nzima ya kurudi, na nimekaa nayo siku hizi zote.

Na leo godoro limekuja, nalo ni la watu wawili.

Kitanda chake cha kule hakilipokei. Nilikipima kwa shubiri Jumapili ileile, wakati amelala, na leo nimepima hili. Kitanda kile ni nusu ya godoro hili, karibu sawasawa. Nilipomwambia Bi Zuhura kwamba nataka likatwe katikati, nusu nimpelekee, alikaa chini mlangoni. Akasema hajawahi kukata godoro aliloshona kwa mkono wake, na sufi ikikatwa humwagika, na likiungwa tena halitakuwa lilelile. Halafu akasema nikiamua atakuja na mkasi wake, bila malipo.

Mayu amekataa kabisa. Hakupaza sauti. Aliweka chini mwiko wa ugali, akanieleza kama anavyonieleza mambo ya shamba.

"Ukikata godoro la mume na mke, unamzika mtu anapumua."

Nikamwuliza, je, likae hapa zima, limtazame nani? Akasema limngoje. Akirudi alikute. Nikamwambia mifupa yake inagusa kamba, Mayu. Aligeuka upande wa jiko, akaanza kusonga ugali ulioiva zamani.

Sijui nani mwenye haki. Likibaki zima, ni kama nasema atarudi, lakini yeye analala juu ya kamba. Nikilikata, atalala vizuri, na mimi nitakuwa nimeshasema jambo ambalo sitaki kulisema. Nimekaa nalo mchana kutwa. Nilitarajia nitalia ili kilio kiniamulie. Hakikuja.

Kilichokuja ni mambo ya kushona. Siku zote yananijia hayo.

Nimekumbuka masista walivyotufundisha kupiga bandi: mishono mirefu, milegevu, ya kushikilia kitambaa mpaka cherehani ipite. Bandi si mshono. Ukivuta uzi mmoja inafumuka yote, na kitambaa hakina jeraha. Nimeinuka nikapapasa ukingo wa godoro, kwa mara ya kwanza tangu tulilaze na kulipima. Kitambaa kinatosha. Bi Zuhura aliacha upindo mpana, Mungu ambariki kwa ukarimu wake wa nguo.

Nimeamua. Kesho nitamwita Bi Zuhura na mkasi wake, tutalikata. Nusu ya ukutani ni ya Kasiani, ndiko alikokuwa akilala. Upande uliokatwa, wake na wangu, hatutauziba kwa mshono wa kudumu. Tutapiga bandi tu, na ncha za uzi nitaziacha ndefu, zining'inie, tayari kuvutwa akirudi. Mayu akiniuliza, nitamwonyesha ncha.

Limebaki neno la Kasiani, kwamba mtu asililalie kabla yetu. Nimelifikiria hilo pia. Jumapili nitamtandikia nusu yake, lakini nitamwomba asiilalie mpaka jua lizame, akae kwenye mkeka kidogo tu, nimwombe na dresa amkumbushe. Mimi nitakuwa nimeshafika Ipuli. Nusu yangu itakuwa kitandani, nami nitakuwa nimekaa kwenye kigoda hiki hiki, natazama mlango unavyoingiza giza.

Je, ataweza kukaa macho mpaka hapo? Sijui. Hata nusu saa kwake ni mlima.

Mimi nitangoja. Jua likishazama nitahesabu yuko tayari, nitapanda kitandani, upande wa nje, nigeukie ukuta.

Ndipo tutalala.