Kumkagua Mwalimu Mkanda

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Al Qusais tu wazima. Wenzangu hucheka wakisikia mimi, mdogo wa mwisho wa babu yako, ninaitwa bibi.

Umeniuliza kama ni utovu wa adabu kumkagua mwalimu wako mkanda wa kufungia kamba kabla ya kupanda jabali. Nilipoanza kupanda kwa kamba kule Hatta, nami nilimwonea haya Mzee Hamadi, mwalimu wangu. Kumchungulia mtu mzima kiunoni!

"Yalla, binti, nikague," akasema.

Nikainama kutazama. "Mzee, kifungo cha mkanda hakijashika."

Akakibana, kisha akacheka. "Ungeniheshimu mpaka kaburini!"

Tukapanda, naye akaimba njia nzima.

Basi mkague wako. Akinuna, mwambie umetumwa na bibi.

Akupendaye,
Bibi Mwanaidi