Hata Paka Hufukia

Sib, 12 Januari 2025

Mwanangu Yaqdhan,

Assalaamu alaykum. Natumai umeamka salama na kikohozi cha mama yako kimepungua. Mimi sijambo, ila goti hunikumbusha umri kila nikisujudu. Nnakuandikia, ingawa wewe upo Madinat Sultan Qaboos na mimi nipo hapa Sib, sote humu humu Maskati, kwa sababu kwenye simu unajibu "sawa mjomba" kabla sijamaliza kusema. Barua haikatizwi.

Nimeliona hilo karavani lako. Nimefungua mlango nikaona kitanda, jiko, na hatua moja kutoka jikoni, choo. Nikatoka nje kuvuta pumzi. Nimesomesha fizikia maisha yangu yote na sijapata kuona elimu iliyotumika vibaya namna hii. Mtu anakaanga yai pale, anajisaidia pale, halafu anauvuta uchafu wake nyuma ya gari na kupanda nao mlimani. Hata paka, mwanangu, hufukia.

Lakini najua umelichukua kwa ajili ya nani. Masouda alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako. Hawezi kukaa njiani bila choo, na vyoo vya vituo vya petroli anavichukia kama mimi. Anataka alale Sidriya, kijiji cha baba yetu. Sisi tulizaliwa Unguja, tukaja Maskati tukiwa watu wazima, na Sidriya tumekuwa tukienda kama watu wanaokwenda kutoa pole: unakaa, unakunywa kahawa, unaondoka. Yeye anataka, kabla hajafa, aamke pale asubuhi moja na aitwe binti wa pale. Basi mpeleke, lakini nisikilize.

Vitu vizito viweke chini, karibu na magurudumu. Ukivirundika nyuma, karavani litapiga mkia. Likianza kupiga mkia usikanyage breki wala usipindue usukani, ondoa mguu kwenye mafuta tu, litulie lenyewe. Mteremko unaingiwa na gia ndogo tangu juu. Anayeteremka kwa breki peke yake hufika chini hana breki. Na kwenye mahandaki ya njia ya Sharqiya, yale yaliyotobolewa mlimani, jihadhari pale unapotoka. Ndani hakuna upepo wa ubavuni, mlangoni upo.

Na lile tangi la choo, nakusihi, jua utalimwaga wapi kabla hujalijaza.

Mjomba wako,
Msellem

*

Sidriya, 23 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sote wazima, kikohozi cha mama kimebaki Maskati. Goti lako vipi? Samahani nimechelewa kujibu, nilitaka nijibu nikiwa nimefika.

Tumefika! Kwenye handaki la kwanza mama alisoma Ayatul Kursi kwa sauti, la pili akasema, "Haya mataa yote ya nini, mtu akitaka kulala?" Tulipotoka, lori likatupita na upepo ukatupiga ubavuni, na lile dude likaanza kupiga mkia kama ulivyosema. Nikaondoa mguu. Likatulia. Mama akaniambia, "Umefundishwa na Msellem wewe, sura yako tu imekuwa kama yake." Kwenye mteremko nilikanyaga breki mara nyingi kuliko ulivyoniruhusu, na pakanuka moto. Usinitukane.

Ami Murshid, mkubwa wa jamaa zetu huku, ametupokea vizuri. Nimeegesha upande wa juu wa mitende, karibu na msikiti. Mama amekaa na kina mama mpaka magharibi, hakutaka kutoka. Kesho Ijumaa watachinja mbuzi kwa ajili yake. Mjomba, sijawahi kumwona anacheka vile.

Mwanao,
Yaqdhan

*

Sib, 26 Januari

Yaqdhan,

Marahaba. Hali yangu si nzuri, na sitakuuliza ya kwako.

Mama yako yupo kwangu tangu jana. Anasema ulimwondoa Ijumaa kabla ya sala, ukamwambia mvua imenyesha juu ya mlima na wadi, lile korongo kavu, litashuka na maji. Anasema hakuna aliyekuja kumuaga, hata mtoto. Mbuzi ameshachinjwa, na wenye mbuzi wamemwona anaondoka wasimzuie. Kaniambia, "Msellem, hawa hawatutaki. Sisi kwao ni watu wa Sawahil tu, wageni." Halafu akaomba nimzimie taa, mchana.

Nimetazama habari za hewa. Hapakuwa na hata wingu.

Na Murshid ameniletea picha bila neno lolote. Ni birika la kutawadhia la msikiti wa Sidriya. Maji ndani yake ni ya buluu.

Nnakungoja.

Msellem

*

Madinat Sultan Qaboos, 27 Januari, asubuhi

Mjomba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Tangi lilikuwa limejaa na linanuka, nikaona aibu wageni waje na hali ile. Nyuma ya karavani palikuwa na mfereji wa mawe unaoingia chini ya ukuta. Jana yake nilimwona mtu anaosha miguu humo, na mwengine sufuria. Nikadhani ni maji machafu yanayokwenda zake. Wallahi nilidhani hivyo. Nikamwaga. Ile dawa ya buluu ya kuua harufu nilikuwa nimeitia nyingi.

Haikupita muda nikasikia kelele upande wa msikiti. Watu walikuwa wanaoga josho la Ijumaa. Nikafahamu. Nikafunga karavani, nikamwambia mama habari ya mvua.

Nimetafuta kampuni ya kusafisha mabirika, nitawatuma huko kimyakimya. Mama usimwambie, nakuomba. Atakufa kwa aibu.

Mwanao

*

Sib, 27 Januari, jioni

Yaqdhan,

Nimeisoma barua yako nje, barazani, maana sikutaka kuwa nayo chumba kimoja na chakula.

Nitakueleza, kwa sababu kosa lako la kwanza ni la kutojua, na kutojua huelezwa. Ule si mfereji wa uchafu. Ni falaj. Maji yake yamechimbiwa njia kutoka chini ya mlima na watu waliokufa kabla ya babu wa babu zetu. Juu kabisa yanatekwa ya kunywa. Kisha yanapita msikitini, kisha kwenye josho la wanawake, kisha ndiyo yanaingia mitendeni, kila shamba kwa zamu yake. Uliyemwona akiosha miguu alikuwa upande wa chini, maji yameshaupita msikiti, na anajua yupo wapi. Wewe ulisimama upande wa juu, maji hayajafika msikitini. Mtoto wa Sidriya wa miaka mitatu anaijua tafauti hiyo. Wewe uliyekulia kwenye bomba hujui, na sikukufundisha kwa kuwa sikudhani kwamba kuna haja.

Hilo nimekueleza. La pili halina maelezo. Umemwaga kinyesi kwenye maji ya watu, na kinyesi kikatoka siku ile ile. Kisha umemwaga uongo juu ya mama yako, na huo bado upo ndani. Amelala chumba cha pili akiamini kwamba jamaa za baba yake wamemchukia, wakati aliyekimbia ni mwanawe. Unanambia atakufa kwa aibu. Hivi sasa anakufa kwa aibu isiyo yake. Nnaona kinyaa, Yaqdhan, na si kwa tangi.

Usitume kampuni. Njoo hapa umwambie kwa mdomo wako. Kisha nenda Sidriya ukamwambie Murshid. Mpaka ufanye hivyo, usiniandikie.

Msellem

*

Sidriya, 13 Februari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa. Umesema nisikuandikie mpaka nifanye. Nimefanya.

Ulikuwepo nilipomwambia mama, umeona alivyonitazama. Usiyoyajua ni ya njiani, tulipolivuta tena karavani kuja huku. Tulipofika handaki la pili akasema, "Ya buluu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na Murshid alikuwa keshavua kanzu, anaoga?" Nikasema nadhani. Akajifunika shela usoni, mabega yanatikisika, na mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka.

Ami Murshid alitupokea mlangoni, hakutukaribisha ndani. Nikamwambia yote mbele ya wazee. Wakili wa falaj, msimamizi wa zamu za maji, akanieleza walivyoyageuza maji yote yakamwagika wadini siku nzima, na zamu ya siku ile ilikuwa ya Bi Shaikha, mjane, mitende yake ikakosa maji. Nikasema nitalipa. Ami Murshid akapiga kelele ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mwenye ndevu nyeupe. Alinambia, "Mgeni angefanya haya, tungemwambia hapana neno, tukamsindikiza kwa kahawa! Wewe si mgeni, mpumbavu wewe! Wewe ni damu ya Sidriya! Vua viatu, chukua brashi!"

Nikageuka kumwangalia mama, nikidhani ameumia. Mjomba, alikuwa amejishika ukuta, anatabasamu. Akanambia kwa Kiswahili, wasisikie, "Umesikia? Anakutukana." Kama vile nimepewa zawadi.

Nimesugua falaj na vijana wao mpaka msikitini, na mitende ya Bi Shaikha nimeinywesha kwa ndoo. Mama hataki kurudi. Amewekewa karavani kwenye kivuli cha nyumba ya Ami Murshid. Lakini mimi kazini Ghala, huko Maskati, wananiita. Nani atabaki naye?

Mwanao,
Yaqdhan

*

Sidriya, 22 Februari

Mwanangu Yaqdhan,

Marahaba. Sisi wazima. Goti halipendi mawe ya huku, lakini limenyamaza. Mama yako anakula, anagombana, ameshamkosoa kila mtu upishi wake. Asubuhi watoto huja dirishani kumwita, "Ya bint Suud!" kwa jina la baba yetu, naye huitika kabla hawajamaliza.

Sikupata kufikiri kwamba nitalala ndani ya kitu hiki. Ni kibaya kama nilivyosema. Jiko bado lipo hatua moja kutoka chooni, na mimi hunywa chai nje.

Shimo nimelichimba mwenyewe, mbali na falaj, upande wa chini, mahali alipotuonesha wakili. Kila asubuhi nnalibeba lile tangi kwa mikono miwili, pua nimeielekeza mlimani. Linanuka, Yaqdhan. Sijalizoea na sitalizoea. Dada yangu hukaa dirishani akapiga makofi na kupiga kelele ili mtaa mzima usikie, "Mwalimu, fukia vizuri! Hata paka hufukia!"

Nnafukia.

Njoo ututeremshe, na kumbuka gia ndogo tangu juu. Lakini usiharakishe kuja.

Mjomba wako,
Msellem