Jiwe Tupu la Nyuzi 248

Chumba 14, Ghorofa ya Tatu,
Jengo la Vipimo.
9 Machi

Mpendwa dada,

Hujambo, na hao wanaokuzunguka hawajambo? Mimi ni mzima, ila goti linalalamika ngazini. Nimepata habari kwamba jicho lako la kulia limepofuka kabisa, na la kushoto linafifia. Anayekusomea barua hii naomba asiruke hesabu. Naujua uvivu wake.

Ulipoanza kuniuliza nitarudi lini, nilikujibu: nikimaliza kupima sayari ile. Ni miaka minne sasa. Matokeo yametoka Jumatatu.

Usiwaambie watu tena kwamba nimeiona. Hakuna aliyeiona. Tunapima joto linalotoka kwa nyota na sayari kwa pamoja, tunasubiri sayari ijifiche nyuma ya nyota, tunapima nyota peke yake, kisha tunatoa hesabu ya pili kwenye ya kwanza. Kinachobaki ni cha sayari. Fundi wetu wa umeme hunitania: "Mzee, miaka minne kwa kitu usichoweza hata kukigusa? Si ungepima pasi!"

Sayari hii huigeuzia nyota yake uso mmoja tu, siku zote. Ingekuwa na hewa, hewa ingebeba joto kulipeleka upande wa giza, na upande wa mchana ungebaki na nyuzi 140 hivi. Bila hewa, 255. Tumepata 248, na kosa letu halizidi ishirini. Basi ni jiwe tupu. Nilikuwa naitumaini ile 140, sikumwambia mtu.

Nilipokuwa nachapa jedwali la kuilinganisha na nyingine tulizopima, mkuu wangu, ambaye kwa umri ni mjukuu wako, alichungulia begani kwangu.

"Pole, mzee wangu. Lakini zipo tano kwenye foleni. Moja naiona ni ya kwako kabisa."

Moja huchukua miaka miwili kwa uchache. Sikufichi, dada: faili lake nililifungua, nikalisoma hadi saa ya chakula. Kisha nikapiga hesabu ya jicho lako la kushoto, kwa jinsi lilivyofifia tangu barua yako ya Juni. Nikalifunga faili, nikaandika barua ya kuacha kazi.

Nafika tarehe 2 Aprili. Nimechagua safari ya kufika saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda, ili uione sura yangu ilivyochakaa na unicheke ipasavyo.

Nisalimie shemeji, Mama Mdogo, na binamu yetu Kijiko, kama ubishi haujamwisha. Mola akuweke, na jicho hilo alilinde siku hizi ishirini na nne zilizobaki.

Mdogo wako akupendaye,
Kidevu