Ng'ombe Uliyempandisha Mlima

Lubumbashi, Jumapili

Kwako Papa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kifua cha Mama kimetulia kidogo. Mimi sijambo. Bursa, ile pesa ya masomo, imechelewa tena, tunakula bukari na sombe mara moja kwa siku, na hapa sina hata mtu wa kusalimiana naye kwa Mashi, lugha yetu.

Wiki hii mwalimu wetu wa tiba ya mifugo alitupeleka machinjioni. Nilishika kizazi cha ng'ombe mwenye mimba. Mshipa unaopeleka damu huko ulikuwa mnene kama kidole gumba. Mwalimu akasema ndama akiwa tumboni hapumui mwenyewe. Oksijeni yake yote inaletwa na damu ya mama. Mama akikimbizwa juani, damu inakwenda kwenye miguu na ngozi, na kizazi kinapunjwa. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikalia.

Unakumbuka, Papa, likizo ya mwaka jana, familia ya mchumba wangu Cirhuza ilipoleta ng'ombe wa mahari kutoka Walungu, tumbo limejaa? Alifika anahema, ulimi nje. Badala ya kumfunga kivulini, ukataka apandishwe mlima hadi kwa shangazi, kisha ateremshwe mjini Ibanda wenzako wa ofisi wamwone, jua la saa sita. Nikasema, "Papa, mumuache kwanza apumuke." Ukacheka mbele ya wageni: "Huyu mutoto, masomo imemupanda ku kichwa! Ngombe iko na miguu ine, itembee!" Tonton, ndugu yako, akamchapa ng'ombe fimbo, mkaendelea na pombe yenu ya kasiksi. Juma lile lile ndama akazaliwa amekufa.

Ukasema wametuletea ng'ombe mgonjwa, ukamrudisha pamoja na matusi. Mimi hukuniuliza. Nina hasira nawe, Papa, na sitaificha.

Sasa unaniandikia nimbembeleze Cirhuza walete mwingine. Nilikwisha kumbembeleza kabla hujaniomba. Jibu lake lilifika Ijumaa. Wazee wake wamempeleka ng'ombe yule yule kwa familia moja ya Kabare, mahari ya binti yao. Ng'ombe ana mimba tena. Safari hii walimtembeza asubuhi na jioni tu, taratibu, na harusi ya Cirhuza ni mwezi ujao.

Nisalimie Mama sana, na shangazi, na wadogo zangu wote. Tonton mwenye fimbo usimsalimie.

Ni mimi binti yako, uliyebaki naye,

Nsimire