Shemeji Yangu Amefika Herufi P

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya herufi R, maana ninapokuandikia shemeji yangu yupo herufi P na anamaliza herufi mbili kwa wiki, na Q yenyewe unaijua ilivyo fupi, haimchukui mtu hata muda wa kunywa chai.

Nafanya kazi katika ofisi inayotunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, tuko watu wanne chumba kimoja, meza nne, kabati moja la kadi, na mhariri mkuu ambaye hataki mfano wowote ulionakiliwa kutoka kamusi za wengine, kila sentensi uibuni mwenyewe, “na iwe na damu,” anasema, “mtu akiisoma asikie sufuria inachemka.” Mwaka jana nikapewa neno run, herufi tatu tu, mtoto wa darasa la pili anajua kuwa ni kukimbia, nikadhani nitalimaliza kwa wiki moja, kumbe pua ikitoka makamasi ni hilo hilo, bomba likiachwa wazi ni hilo, rangi ya nguo ikichuja, mtu akigombea uenyekiti, duka likiendeshwa, basi likifanya safari zake, soksi ndefu ikifumuka, tabia ikirithiwa kwenye ukoo, sukari ikimwishia mwenye nyumba, yote hayo wenzetu wanatumia neno moja, nikakaa nalo miezi mitano, nikafika maana ya sitini na mbili, na mifano ikaniishia.

Ndipo nikaanza kuchota nyumbani, kwa neno hilo na kwa mengine niliyopewa baadaye. Mwanzo yalikuwa madogo, mume wangu anavyoacha bomba wazi akinyoa ndevu, basi, nani ataumia. Halafu siku moja, siku ambayo mdogo wangu alikuwa hajapokea simu yangu wiki nzima, nikaandika mifano mitano mfululizo, nayo ni hii: Alitoroka na fundi wa friji akamwambia mumewe anakwenda kumuuguza dada yake. Mvua iliwakuta kituo cha basi, rangi ya gauni lake jipya ikachuja mpaka kwenye sanduku la kijani. Siku ya tatu walikutana ghafla na jirani, akasema huyu ni binamu yangu. Siku ya nane mapenzi yaliwaishia, akarudi nyumbani. Uongo umo katika ukoo wao, dada mtu ndiye aliyemfunika.

Mshauri, hayo yote ni kweli, ni ya mdogo wangu huyo huyo. Ni miaka sita sasa. Shemeji aliponipigia simu siku zile nilikohoa kidogo nikasema, “Tupo naye hapa, shemeji, ananipikia supu,” na upasuaji ambao mdogo wangu alimwambia nimefanyiwa sikufanyiwa. Sanduku lile la kijani shemeji mwenyewe alilisugua kwa sabuni mpaka likapauka, akimhurumia mkewe kwa safari ya kuuguza.

Sasa shemeji huyo ni mwalimu wa Kiingereza, wanafunzi wanamwita Darubini, na ofisi ilipotafuta mtu makini wa kusoma kurasa za majaribio kabla ya kuchapa kitabu, mimi kwa mdomo wangu ndiye niliyempendekeza, sikukumbuka kadi zangu hata kidogo, mpaka nilipoona amebeba kurasa zote kwenye begi lake. Anasoma kwa rula na kalamu nyekundu, mstari kwa mstari, na kanuni ya ofisi ni kwamba sisi tulioandika haturuhusiwi kuzigusa mpaka yeye azirudishe.

Jumapili walikuja kwangu kula. Akaingia anacheka. “Shemeji, nyie watu wa kamusi ni wambea! Yule mzee wa herufi D anayeficha meno ya bandia kwenye kikombe, si baba mkwe wako yule?”

Nikasema, “Mzee gani, ni mfano tu.”

“Mfano gani una mpaka ufa wa kikombe? Mimi nasubiri nione umeniweka wapi.”

Mdogo wangu, ambaye hajui lolote, akacheka kuliko wote. “Wewe utakuwa kwenye neno la kukoroma, baba watoto, tena ukurasa mzima.”

Nikaingia jikoni nikaanza kuosha vyombo nilivyokwisha kuviosha. Ni mtu mpole, hajawahi kumpandishia mkewe sauti, lakini aliwahi kusema mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba anaweza kusamehe kila kitu isipokuwa kufanywa mjinga, na wana watoto wawili. Jumapili hii wanakuja tena, na begi lake huliacha kwenye kiti cha sebuleni. Je, nitoe kurasa za R nizipoteze, au nimwambie mdogo wangu, au ninyamaze nikiomba Mungu siku hiyo awe anatazama nukta na mikato tu?

Dada Mtu

JIBU

Dada Mtu, ondoa mkono kwenye begi la watu.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa pekee ambalo bado hujalifanya. Kurasa zikipotea, mwalimu wa watu ndiye atakayeulizwa, ofisi itamtolea nakala nyingine, naye atazisoma mara mbili. Utakuwa umemdanganya tena, na safari hii umemwibia.

Sasa kisingizio chako. Mifano haikukuishia. Sisi tuna neno piga: tunapiga simu, pasi, mswaki, kura, picha, deki na chafya, na mtoto wa miaka minne anayatumia yote bila kumwanika shangazi yake. Neno halikukutuma. Hukupokelewa simu wiki nzima, ukalipiza kwa wino. Ungekuwa mfano mmoja ningesema umechoka. Mitano, kwa mpangilio, tangu kuondoka mpaka kurudi, hiyo ni hadithi, na uliiandika kwa sababu ulitaka isomwe.

Nakupa pole, tena ya kweli. Miaka sita ya kumtazama mtu mwema usoni huku umebeba uongo ambao si wako ni mingi, na mdogo wako alikosea kukutwisha. Lakini mzigo unamrudishia aliyekutwisha, kwa mkono, mlango ukiwa umefungwa. Huumwagi barabarani.

Nimegombana na waandishi wengi wenye ugonjwa wako. Wanachukua maisha ya mtu wanayemjua, wanambadilisha jina, au hawambadilishi, halafu ukiwauliza wanasema ni mfano tu. Mfano tu hauna sanduku la kijani. Na mhariri mkuu wako anayetaka sentensi zenye damu, mwulize ni damu ya nani.

Halafu ukaja kuandika gazetini! Dada, umefanya tena. Umerudia mifano yote mitano, neno kwa neno, ukaituma kwa gazeti ambalo mwalimu yeyote hulikunjua pamoja na chai ya saa nne. Unaona jinsi mkono wako ulivyo? Kwa hiyo jibu hili nakuletea kwa bahasha.

Fanya hivi. Leo, shemeji yako akiwa bado shuleni, nenda kwa mdogo wako. Si kwa simu. Beba hizo sentensi tano, mpe azisome mwenyewe, wala usianze na “samahani, lakini”. Sema umeandika, sema kwa nini, sema mumewe yuko herufi gani. Atakutukana. Kaa utukanwe. Akikutoa nje, toka, ila umwachie karatasi. Usimpangie amwambie mumewe nini, wala lini. Mkubwa umekuwa miaka yote, siku hii uwe mdogo.

Kesho asubuhi ingia kwa mhariri mkuu kabla wenzako hawajafika. Mwambie umeweka watu halisi kwenye kamusi yake, na meno ya baba mkwe wako uyataje pia. Mwombe azirudishe ofisini kurasa hizo kwa barua yake mwenyewe, waziwazi. Pengine atakufukuza kazi. Bora kazi yako iende kuliko nyumba ya mwenzako. Darubini akikuuliza kwa nini zimechukuliwa, jibu, “Niliandika yasiyonihusu.” Akikuuliza kama kweli ulifanyiwa upasuaji, usikohoe. Mwambie, “Hilo, shemeji, muulize mkeo,” kisha funga mdomo, hata akikusihi.

Najua unachoogopa: kwamba mdogo wako ataamua kusema, na nyumba itatikisika. Huenda ikatikisika. Lakini mume anayeambiwa na mkewe, wakiwa wamekaa mezani, ana mtu wa kumuuliza maswali. Mume anayekutana nalo kwenye maana ya arobaini ya neno la Kiingereza, na kalamu nyekundu mkononi, ana rula tu.

Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Si yako. Mpe mdogo wako. Barua yako na nakala ya jibu hili nimezifungia kwenye droo, na zitabaki humo mpaka yeye mwenyewe, kwa sauti yake, aniambie nizichape au nizichane.

*Barua hizi zimechapwa kwa ruhusa ya mdogo mtu. Amefuta sentensi moja, na amekataa kutuambia kilichotokea nyumbani.*